Soda chungu ya Malta na mananasi ya Idjwi

Bwana Mhariri,

Kamati za harusi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, zikinipa kazi ya vinywaji, orodha ni ile ile: kaziye (kreti) za bia, sukre (soda), na juisi za pakiti zilizovuka mpaka. Nikitaja nanasi la Idjwi, kisiwa chetu cha Ziwa Kivu, mama wa bibi harusi hunitazama kama nimemtukana.

Mtoto wa dada yangu anafanya kazi Malta, nchi ya visiwa huko Ulaya. Alipokuja likizo alituletea Kinnie, soda ya huko. Kwa rangi utadhani Coca, ila ukimeza tu, uchungu unafuata nyuma ya utamu. Wanaitengeneza kwa machungwa machungu na majani ya jamii ya artemisia, ndugu wa yale tunayochemsha homa ikibisha. Binti yangu aliitema. Mimi nilimaliza yangu na yake.

Visiwa vyote vya Malta ni kilomita za mraba 316 hivi, na Idjwi peke yake haiko mbali na hapo. Mito ya maana hawana. Maji yao mengi ya bomba ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Lakini bia yao Cisk ipo tangu 1929. Tunda la mpungate, lenye miiba ile, wanalitolea kileo cha rangi ya waridi, Bajtra. Na Krismasi, wakitoka Misa ya usiku, hunywa imbuljuta: kakao ya moto yenye chestinati (kokwa za huko Ulaya) na ganda la chungwa. (Hiyo ningeipenda kuliko zote.)

Najua nitajibiwa kwamba vinywaji vyetu vya nyumbani havikai: kasiksi, pombe yetu ya ndizi, inachachuka, bidoni (dumu) inavimba, nani ataiweka mezani mbele ya wageni? Sawa. Ila Kinnie haikuzaliwa jikoni kwa mtu. Ilitolewa 1952 na Farsons, kiwanda cha bia, ambacho chupa, gesi na magari kilikuwa navyo tayari. Bukavu nasi tuna kiwanda cha bia. Mananasi yanashuka bandarini kwa mitumbwi, mengine yanaozea pale pale. Kinkina, mti wa dawa ya malaria, inalimwa Kivu hii hii, na uchungu wa soda ya toniki ni kwinini, inayotoka katika magome yake. Wajaribu msimu mmoja tu: nanasi, kinkina kidogo, gesi.

Wakati tunawasubiri, kamati itakayoniita itakuta bidoni ya maji ya nanasi mezani, baridi, kwa nusu ya bei ya zile pakiti.

Mama Neema,
Kadutu, Bukavu