Mzee, kitabu cha binti yako bado kiko

Mhariri,

Nauza vitabu vya mitumba kando ya barabara hapa Kisumu. Jumamosi iliyopita mzee mmoja alimpokonya bintiye kitabu kwenye turubai langu, akatazama jalada, akanirudishia kwa ncha za vidole. "Mapenzi tu haya," akasema, "na mengine uongo wa angani."

Mapenzi yamo, sikatai. Ila kitabu chenyewe kilikuwa Cinder, riwaya ya Marissa Meyer iliyotoka mwaka 2012, na mzee angesoma kurasa mbili tu angemkuta msichana fundi wa mitambo sokoni, nusu mtu nusu mashine, akipambana na skrubu iliyoshika kutu kwenye kifundo cha mguu wake wa chuma. Mguu umekuwa mdogo, anangoja mwingine. Mwana wa mfalme anafika hapo kibandani na roboti iliyoharibika. Amekuja kutafuta fundi, si mchumba. Naye msichana, mguu keshaufungua, anahangaika asigundulike kwamba hana.

Binti huyo amekuwa akikisoma hapo hapo kwangu, amechutama, kurasa kadhaa kila Jumamosi. (Simfukuzi. Mvua ikija hunisaidia kufunika.) Nilimuuliza kinachomvuta ni nini, nikidhani atataja mwana wa mfalme.

"Hapo anapoficha mguu, mama. Mimi pia huficha viatu vyangu chini ya dawati."

Kisha akataka kujua kama mguu wa chuma unaweza kweli kuunganishwa na mishipa ya fahamu. Hilo nilimwambia akamuulize mwalimu wa bayolojia. Nini kingine kingemfanya aulize, Jumamosi, shule zikiwa zimefungwa?

Kinachonikera mimi ni kwamba steringi wa kwetu wa kumpa sina. Wanuri Kahiu, mwongozaji filamu wa hapa Kenya, alionyesha njia mwaka 2009 kwa filamu yake Pumzi, Asha akibeba mche jangwani katika dunia iliyokaushwa na vita vya maji, lakini filamu siwezi kuitandaza kwenye turubai. Waandishi wa Kiswahili, gugumaji linafunga ziwa pale Dunga, boti inakwama katikati, ndani yumo msichana anayeijua injini na kijana asiyejua hata kuogelea. Mnangoja nini?

Na wewe mzee, kitabu nimekiweka kando. Ni shilingi 150. Karatasi ya peremende bado iko kwenye ukurasa alipofikia.

Muuza vitabu,
Kisumu