Wanaopiga pepa za kemia pamoja wasifukuzwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu pamoja na wakuu wa shule za hapa Tanga. Vijana wa kidato cha sita wakikusanyika jioni kupiga pepa za kemia, yaani kufanya pamoja maswali ya mitihani iliyopita, waacheni, tena wapeni mahali pa kukaa.

Mimi ni bibi mstaafu. Kazi yangu ilikuwa maabara za sekondari: kutayarisha myeyusho, kuosha bureti na pipeti, yaani mirija ya kupimia vimiminika, kupanga meza kabla ya mtihani wa vitendo. Sasa naishi Ngamiani na baraza langu limegeuka darasa. Alianza mjukuu wangu anayesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), akaja na mwenzake, huyo naye akaleta wa shule nyingine. Wengi ni wa kutwa. Shule yao moja hufunga geti mapema jioni, na majumbani hakuna pa kutandaza daftari, wadogo zao wanalia, redio inaimba. Wakaona kwangu kuna benchi na taa.

Hivi karibuni alikuja mzazi mmoja kumchukua binti yake. Aliniamkia vizuri, lakini hasira ilikuwa usoni. Akauliza ni masomo gani haya ya kubishana na kucheka mpaka usiku. Simlaumu, mama mwenye binti ana haki ya kuogopa giza. Ila aliyekuwa akiongea wakati ule ni binti yake huyo huyo, na alikuwa akiwafundisha wenzake.

Swali lilihusu titresheni ya amonia kwa asidi hidrokloriki, yaani kuongeza asidi kidogo kidogo mpaka amonia yote imalizwe: uchague indiketa, ile rangi inayoonyesha mwisho, na utoe sababu. Kijana mmoja aliandika fenolftaleini kwa kuwa ndiyo aliyoizoea. Binti hakumwambia kakosa. Alimuuliza, "Amonia ikishamalizwa na asidi, ndani ya chupa kimebaki nini?" Kijana akajibu ni kloridi ya amonia. "Na chumvi hiyo ikiwa kwenye maji, imeelemea wapi?" Akafikiri, akasema imeelemea kwenye asidi. Hapo akaona mwenyewe: mwisho wa titresheni ile pH, kipimo cha uasidi ambapo chini ya 7 ni asidi, iko kwenye 5 hivi, na fenolftaleini hubadilika kati ya 8.3 na 10, kwa hiyo rangi yake ya waridi itakuwa imepotea kabla kazi haijaisha. Methili oranji, inayobadilika kati ya 3.1 na 4.4, ndiyo inayofaa. Akafuta, akachora grafu yake upya bila kusaidiwa.

Miaka yangu ya maabara niliwaona wengi wamekariri indiketa zote, lakini mtunga mtihani akiligeuza swali kidogo tu, kalamu inasimama. Kukariri hakuulizwi maswali. Mwenzako anakuuliza "kwa nini", na ukishindwa kumjibu unajua usiku huo huo pa kurudi kwenye daftari. Na anayeeleza hufaidika kuliko anayesikiliza, hilo nimelishuhudia. Wanabishana kwa Kiswahili mpaka jambo linaeleweka, kisha kila mmoja analiandika kwa Kiingereza, maana ndicho watakachojibia.

Siku nyingine walikuwa kwenye msawazo wa kikemia, mmenyuko unaokwenda mbele na kurudi nyuma. Kanuni ya Le Chatelier, kwamba msawazo ukisumbuliwa husogea kupunguza usumbufu huo, kila mmoja aliisema kama sala. Nikawaambia kwamba Mfaransa huyo, aliyeitoa kanuni hiyo mwaka 1884, alitumia nguvu nyingi pia kuchunguza saruji. Kijana anayetoka Pongwe, kilipo kiwanda cha saruji, macho yakamfunguka. Akaeleza mawe ya chokaa yanavyochomwa: kalsiamu kaboneti inavunjika, inabaki oksidi ya kalsiamu na inatoka gesi ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikifungiwa, mmenyuko unaweza kurudi nyuma. Ikiondolewa, unaendelea mbele. Mwingine akadakia mapango ya Amboni, hapa hapa Tanga. Maji ya mvua yenye gesi hiyo hiyo yameyeyusha mawe ya chokaa mpaka yakawa mapango, na ndani ya pango tone linapopoteza gesi, chokaa inaganda tena, ndiyo yale mawe yanayoning'inia. Wakaandika milinganyo miwili, mmoja chini ya mwingine, mishale ikielekea pande zote mbili. Vijana hawa walikwenda Amboni wakiwa shule ya msingi, wakapiga picha na kurudi. Safari hii waliielewa.

Sisemi kila kundi linafaa. Watu kumi na tano wasio na pepa mkononi ni gumzo. Wanaokuja kwangu huwa wanne au watano, kila mmoja analifanya swali peke yake kwanza, ndipo wanalinganisha. Simu zinawekwa kwenye kikapu. Mwenye habari za pepa iliyovuja hana nafasi kwenye benchi langu.

Kuna jambo moja baraza haliwezi, nalo ni karatasi ya vitendo. Kwa bomba la sindano nimewaonyesha jicho linavyokaa sawa na maji na kusoma chini ya mpindo wa uso wa maji, na kwamba pamanganeti ya potasi, kwa weusi wake, husomwa juu. Lakini mkono unaozoea kufungua koki ya bureti tone kwa tone haupatikani kwa maneno. Nawaomba wakuu wa shule wafungue maabara Jumamosi asubuhi, mwalimu au fundi akiwepo, hata kama ni kwa asidi na besi hafifu tu. Na darasa moja lenye taa liachwe wazi mpaka saa mbili usiku, mlinzi akijua majina ya waliomo.

Kwa wazazi wa mabinti: njooni muone wanakokaa, tupange saa ya kumaliza, na mje kuwachukua. Mama yule sasa hufika saa moja na nusu, anakaa nami tukinywa chai wakimalizia swali la mwisho.

Walimu na mafundi wa maabara mliostaafu, mlioko Chumbageni, Makorora na Duga, mtihani ni Mei. Vijana wa mitaa yenu hawawezi wote kuja Ngamiani.

Mstaafu wa maabara,
Ngamiani, Tanga