Juu ya ile musumeno yako

Fiston ndugu yangu,

Jambo sana. Huku tuko, Mungu anasaidia, batoto beko muzima, mama Neema anakusalimia na anasema ile sambaza ya kukausha ulimuahidi bado anaingojea. Mvua inapiga kila siku, kuren (umeme) nayo inakuja sawa mugeni, haikai. Najua utasema miezi 2 bila hata mesaje moja, na uliniona niko kwa WhatsApp sikukujibu. Ni kweli. Nilikuwa naona jina yako nalaza telefone chini. Kwa nini, nitakuambia, acha kwanza nikuelezee hadisi ya kadre.

Kuna mama mumoja wa korale, alikuja na foto 10 anataka kadre 10 za mbao ya libuyu, 40 kwa 50, kona zote zikatwe digri 45 ziingiliane, hataki ile ya kupigilia mbao juu ya mbao sawa mulango ya kuku. Nikakubali haraka, unanijua. Nilikuwa nahesabia mashini ya kukata mbao ya patro wa Katindo, kumbe kuren ikakatika wiki nzima na kuwasha jenereta yake ni kumulipa faida yangu yote. Njo nikashika musumeno ya mukono. Musumeno yako. Tutafika.

Kadre ya kwanza nilikata na macho tu. Kona tatu zikafunga muzuri, ya ine ikabaki wazi, ungepitisha noti ya mia tano umeikunja mara kadhaa. Mutoto wa atelie ananiambia tuzibe na mastiki. Kwa libuyu! Nikamutuma akanunue misumari ata hatukuwa na lazima na misumari, ili tu atoke.

Kiisha nikakaa nikahesabu. Kadre moja iko na mikato 8. Ukikosa nusu digri kwa kila moja, na unakosa upande ule ule kila mara juu mukono ni ule ule, kona ya mwisho inabeba digri 4 zote. Kwa mbao ya sentimetre 5 hiyo ni karibu milimetre 5 ya upepo. Mimi nilikuwa nakasirikia kona ya ine, kumbe zote zilikosa kidogo kidogo, yeye tu njo alikuja wa mwisho.

Njo nikatengeneza gabari, ile ya kuongoza musumeno. Usicheke, najua miaka yote nilikuwa nasema gabari ni ya bale hawajue kukata. Mbao tatu: moja chini ya upana 10, urefu 40, mbili kwa pembeni za unene 2, zinasimama juu sawa muferedji. Ndani unalaza mbao ya kadre, musumeno inapita kwa njia umeishaikata kwa kuta zote mbili, haina ruhusa ya kuenda kushoto wala kuume. Ile digri 45 sikuitafuta na raportere, ile ya kupimia pembe (ya mutoto ilishapotea tangu Pasaka). Nilipima upana wa inje, 10 na 2 na 2, ni 14, nikapima 14 ingine kwa urefu, inakuwa kare, nikavuta musitari kutoka kona mpaka kona ya kuvuka. Hiyo ni 45 yako, bila hesabu mingi. Kiisha nikashusha misitari kwa kuta na ekeri (ile ya kupimia digri 90), nikakata ile njia na musumeno ile ile nitatumikia, juu ukikata na ingine yenye meno manene njia inakuwa kubwa na musumeno inacheza ndani.

Ikakosa tena!

Fiston, nilitaka kutupa yote kwa ziwa. Ni wewe uliniokoa bila kujua, nilikumbuka ile siku kule Majengo uligeuza ekeri ya yule muzee mbele yake akanyamaza. Nikafanya vile: nikapiga musitari kwa mbao, nikageuza ekeri yangu uso mwingine, nikapiga musitari wa pili pale pale. Ingekuwa sawa, zingelalana. Zangu zilifunguka sawa mukasi. Mutoto wa atelie alikuwa anafungulia nayo chupa, na mara moja nilimukuta anapigilia nayo musumari. Sasa nikachukua kipande cha tripleksi, nikapima 30 upande huu, 40 upande ule, nikaisogeza mpaka ya kuvuka ikafika 50 kamili, nikakata ekeri mupya ya tripleksi. Hiyo haitanidanganya. Gabari ya pili nikaifanya na ile, nikapakala bugi (mushumaa) kwa musumeno ili ipite laini, na kadre zikaanza kutoka, kadre 2, 3, 4, kona zinafunga unapitisha kidole husikii kitu. Nilikuwa naimba. Mama Neema akauliza nimekunywa nini.

Sasa tufike.

Kwa ile gabari ya pili nilipigilia kuta na misumari, kutoka pembeni, inaingia kwa unene wa mbao ya chini. Na sikutia kipande cha kutupa pale ndani, ile ya kulaza chini ya mbao ili musumeno ikimaliza iume yeye. Nilijua, nikaona uvivu, nilisema ni kadre 10 tu. Kila mukato musumeno inashuka nywele moja ndani ya mbao ya chini, nywele moja, nywele moja, na pale kwa kadre ya sita, saa kumi na mbili jioni, naharakisha mbele giza iingie, nikasikia ile sauti. Sitakuelezea, unaijua. Ilikuwa musumari, iko kabisa kwa musitari wa 45. Meno 4 zimeruka, zingine kama 6 zimelala.

Musumeno yako ile ya marehemu baba yako. Ile uliniachia ukienda Bukavu ukasema "tunza". Nimeifunika na kitambaa ya mafuta, nimeitundika juu ya kitanda, batoto banaogopa hata kuiangalia. Ile gabari niliivunja nikapikia nayo, kiisha nikafanya ya tatu: kola na vijiti tu kwa pale njia zinapita, misumari iko mbali sentimetre 8, na kipande cha tripleksi ndani nabadirisha kila kadre mbili. Hiyo iko muzuri, nitakupigia foto. Lakini namaliza kadre 4 zimebaki na musumeno ya kuazima, nene sana, inacheza ndani ya njia, na mama wa korale alikuja mara mbili, mara ya pili na mutoto wake mukubwa.

Sitaki kuipeleka kwa yule wa Birere, ananoa kila kitu sawa panga. Nataka kuinoa mimi mwenyewe, polepole: nipitishe tupa ya flati juu ya meno yote zilingane kimo, kiisha nichonge moja moja na ile ya pembe tatu, kiisha nikunje moja kushoto moja kuume. Lakini tupa ya pembe tatu ya kidogo hapa sioni, zote ni kubwa, zingemaliza jino na zinakula la jirani. Na naogopa kushusha kimo ya meno yote juu ya zile 4, ni chuma ya baba yako njo nitakuwa natupa kwa vumbi.

Basi niambie. Niinoe, ama nikuletee vile iko? Kwa Kadutu hawana tupa ya kidogo, ama kwa yule mama wa karibu na stade? Ukipata, unaweza kuitia kwa boti kesho kutwa, niende kuingojea kwa bandari ya Kituku? Baba yako alikuwa anaachaka meno zinaangalia mbele ama zimesimama? Na mukono ya mama yako, baliisha kutosha plastere? Na wewe, umekasirika sana ama ni ile ya kidogo?

Jibu hata kama ni matusi. Tupa isipite sentimetre 15.

Wako,
Bahati