Mama mdogo hapokei salamu yangu kwa sababu ya riwaya

Anti, shikamoo. Nakuandikia alfajiri, usingizi umenikataa tena.

Mama mdogo amesema kwa riwaya niliyoiandika nimemgeuza bibi biashara. Kayasema uani, wanawake wanabangua korosho, na hakuna aliyemkatiza. Tangu siku hiyo nikimwamkia anageuza uso. Yeye aliyenilea!

Riwaya yenyewe wala si ya vita hivi vya sasa, vya kaskazini mwa Msumbiji. Ni ya vita vya Mreno, vile vilivyoanza 1964. Mwanamke anatoka Mueda, anavuka Ruvuma kwa mtumbwi, anaishia makazi ya wakimbizi Rutamba, huku Lindi. Mama mdogo alikuwa hajazaliwa. Yeye alikimbia kutoka Palma, hukohuko Msumbiji, Machi 2021. Sasa bibi anaingiaje humo?

Ni ule mlango. Mwanamke wangu anamwacha mkwewe asiyeweza kutembea, anafunga kufuli kwa nje ili askari wadhani nyumba haina mtu. Mama mdogo alimfanyia bibi hivyohivyo. Alinisimulia mwenyewe, kwa hiari yake, wala hakuniambia iwe siri. Na katika vita, Anti, ni wangapi wamefungiwa hivyo? Ni yeye peke yake?

Anasema wao wakivuka mimi nilikuwa nimelala Chikongola, huku Mtwara. Nililala? Niliolewa huku kabla hata ya risasi za Mocímboa da Praia, 2017. Siku zile za Palma nilipiga simu ya bibi mpaka ikaacha kuita. Bibi alikuwa wangu pia. Biashara gani, na mchapishaji hajanipa hata shilingi?

Sitafuti radhi yake, kitabu kitatoka. Ila natamani asomewe sura ile, asikie kwamba yule mwanamke simlaumu, nimempenda kuliko wote waliomo. Mume wangu anasema niitoe, yaishe. Nikiitoa kinabaki nini, mtumbwi na maji? Mchapishaji anataka jibu wiki hii. Nilimwambia achape, jioni nikamwambia asubiri. Wewe ungeitoa?

Halafu Ijumaa ni hitma ya bibi. Hatukumzika, tunamsomea tu. Kila mwaka chungu nasimamia mimi. Safari hii mama mdogo amemtuma mtoto aje aniambie wapishi wapo. Biashara, na sasa wapishi wapo, wanangu wanasikia. Niende nikakae na wageni, Anti, au nibaki kwangu?