Wanafunzi wetu Marekani wasione aibu kuchukua chakula chuoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wazazi wenye watoto wanaosoma Marekani jambo ambalo watoto wenyewe hawalisemi kwenye simu: wapo wanaolala na njaa ilhali hatua chache kutoka bwenini pana chumba kilichojaa mchele, tambi na maharage ya kopo, vilivyowekwa kwa ajili yao bila malipo.

Chumba hicho ni stoo ya chakula ya chuo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walianzisha ya kwao mwaka 1993, na leo vyuo vyenye huduma hiyo ni mamia. Nilikosoma mimi, huko Ohio, mwanafunzi alionyesha kitambulisho tu, akachukua kikapu na kupita kwenye rafu akijichagulia kama yuko dukani, wala hakuna aliyemuuliza kipato cha baba yake. Hata hivyo nilipita mbele ya mlango ule muhula mzima bila kuingia, kwa kuogopa kukutana na Mtanzania mwenzangu. Siku nilipoingia nilimkuta kweli. Alikuwa akija tangu mwaka uliotangulia.

Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, tena isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na hapati msaada wa chakula ambao serikali huwapa raia wa kipato kidogo. Fedha za nyumbani zikichelewa, na bwalo likafungwa kwa likizo ya Desemba, hana pengine pa kukimbilia. Wengine huhofia kwamba stoo itawaharibia viza, hofu isiyo na msingi, kwa kuwa kuchukua mchele humo hakuvunji sharti lolote la viza.

Aibu ndiyo nzito zaidi, na kwa maoni yangu tunawafungashia sisi wenyewe pamoja na nguo. Kijana aliyechangiwa nauli na ukoo mzima, akaagwa kwa sherehe, na kabla hata ya kuzoea baridi ameshaanza kuagizwa simu na binamu zake, atawezaje kusema kwamba ameshindia mkate mkavu? Ukimuuliza kama amekula, atajibu ameshiba. Afadhali mzazi amuulize moja kwa moja kama chuo chake kina stoo, hufunguliwa siku zipi, na kama ameshakwenda.

Jumuiya za Watanzania huko nazo ziwapeleke wageni stoo kwa pamoja katika wiki ya kwanza. Mimi nilipofika, wenyeji wangu walinionyesha benki, kituo cha basi na duka linalouza unga wa ugali. Stoo hakuna aliyeitaja, na nilikuja kujua baadaye kwamba wawili kati yao walikuwa wakichukua chakula humo.

Mhitimu wa Ohio,
Dar es Salaam