Risala ya kikundi cha kuweka na kukopa kwa Mgeni Rasmi, siku ya kuvunja mzunguko, Tukuyu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Karibu Rungwe, na utuwie radhi kwa matope. Mvua ya huku haina adabu.

Sisi ni akina mama 28, wengi wetu wauza ndizi na maparachichi. Kila Jumatano tunafungua sanduku, funguo tatu kwa watu watatu, na kabla ya kununua hisa kila mmoja anatoa shilingi 1,000 ya mfuko wa jamii. Mwaka huu mfuko huo umeishia hospitali karibu wote. Ndiyo maana hatuombi cherehani.

Mheshimiwa, mwenzetu mmoja alipeleka mtoto mwenye homa kituo fulani cha afya, kadi ya bima mkononi. Dirishani akaambiwa vipimo sawa, dawa akanunue nje. Alitoa shilingi 14,000 duka la dawa linalotazamana na geti. Tulimlaani mhudumu wiki nzima, mpaka katibu wetu alipochukua kalamu. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, tulijiunga kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Ni 5,000 kwa mtu, mwaka mzima. Mkungu mmoja wa ndizi! Dawa ingetoka wapi?

Tangu ipatikane Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, tunasikia sana habari za nani achangie kiasi gani. Hospitali italipwaje, hilo halisemwi vikaoni kwetu. Ikilipwa kwa kila huduma, utapimwa vitano palipotosha viwili. Zahanati ikipewa fungu kwa kila kichwa kilichoandikishwa, itawapenda wazima, na bibi mwenye kisukari ataandikiwa rufaa upesi upesi. Marekani, mwaka 1983, bima ya wazee iitwayo Medicare ilianza kulipa hospitali bei iliyopangwa kwa aina ya ugonjwa. Siku za kulazwa zikapungua, na hofu ikahamia kwa wanaoruhusiwa hawajapata nafuu.

Hapa kwetu, Machi 2024, NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilipoanza kutumia kitita kipya, yaani orodha mpya ya mafao na bei zake, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake kwa siku kadhaa. Waliovutana ni mfuko na wenye hospitali. Aliyerudi nyumbani na kikohozi chake ni mwenye kadi.

Tunaomba utufikishie haya. Orodha ya mafao na bei zake ibandikwe dirishani, kwa Kiswahili. Zahanati za vijijini zisigawiwe fungu kwa idadi ya watu tu, wazee na umbali vihesabiwe pia. Na dawa ikikosekana kituoni, mwanachama aipate duka lenye mkataba kwa kadi ileile.

Mfuko wetu wa jamii umebaki na shilingi 61,000, na mwenzetu mwingine yuko wodini tangu Jumapili.

Tunaomba kuwasilisha.