Kwako mwenzangu, kutoka Kayenze

Mwenzangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako niliipata Jumamosi, nikaisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sikukujibu siku ile kwa sababu ningekujibu haraka, na tangu umzike mwanao umeshajibiwa haraka na watu wengi mno.

Unasema kila aliyekushika mkono matangani alikwambia kazi ya Mungu haina makosa, na sasa huwezi kuingia kanisani bila kuyasikia maneno hayo. Unaniuliza niliwezaje kuendelea kuamini baada ya baba watoto kuondoka. Nitakueleza ilivyokuwa, maana sitaki unipe sifa isiyo yangu.

Unajua alivyokufa. Zilikuwa siku za giza, ambazo wavuvi wa dagaa huingia ziwani na karabai. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti dagaa, hivyo hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Upepo ulikuja alfajiri. Wenzake wawili walijishikiza kwenye dumu wakaokolewa, yeye hakuonekana. Siku tatu mwalo wetu haukuvua. Mitumbwi ilitoka kumtafuta yeye tu. Nilikaa juu ya mwamba nimejifunika khanga, nikiomba jambo moja dogo: asisikie baridi. Nilimwombea mtu aliyezama asisikie baridi! Siku ya tatu wakamleta, na baada ya hapo sikuomba tena kwa miezi mingi.

Akina mama wa jumuiya walikuja kila Alhamisi. Waliimba, wakasali, mimi niko pembeni nageuza dagaa kwenye chanja, mdomo umefungwa. Hakuna aliyenigombeza. Mwanzoni nilikasirika kwamba wanakuja. Kisha Alhamisi moja mvua kubwa ikawazuia, nikajikuta nimeutandika mkeka barazani tangu saa nane na ninachungulia njiani.

Kati yao yumo bibi mmoja ambaye mwanawe alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba kuja Mwanza. Mwili wake hakuuona. Wengi waliopatikana bila kutambuliwa walizikwa pamoja pale Igoma, na yeye kila mwaka tarehe hiyo huenda, asijue kama mwanawe yumo. Mwaka wangu wa kwanza wa ujane alinichukua twende wote. Nilitegemea ataimba au atalia. Alisimama tu, akasema kwa sauti ya kawaida: “Baba, nimekuja tena. Mwaka jana nilikuuliza, hukunijibu. Mwanangu yuko wapi humu?” Akasubiri kidogo, kisha akakaa chini ya kivuli akala viazi vyake, tukaondoka.

Kwenye daladala nikamuuliza kama si dhambi kumsemesha Mungu hivyo. Akaniambia, “Mjukuu wangu, deni unamdai mtu unayeujua mlango wake. Kama ningekuwa simwamini, ningekwenda Igoma kumdai nani?”

Usiku ule nilifungua Ayubu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mwenzangu, tumelisikia mara ngapi makaburini lile neno la Bwana alitoa na Bwana ametwaa? Alilisema Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuna mtu aliyemwambia yeye. Rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, na hapo walikuwa watu wema sana. Walipoanza kumweleza ndipo walipoharibu. Naye Ayubu kuanzia sura ya tatu anailaani siku aliyozaliwa, anabishana, anataka Mungu aje wahojiane. Na sura ya 42 Mungu anawakasirikia hao waelezaji, anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu. Aliyelalamika! Mstari huo niliurudia mara tatu.

Najua Musa aliimba kwamba kazi yake Mwamba ni kamilifu, nami naamini. Lakini Musa hakuuimba wimbo ule ili amnyamazishe mama aliyefiwa. Tazama Bethania: Martha anampokea Yesu kwa lawama, “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa,” Mariamu anakuja na lawama ileile, na Bwana hakumkemea hata mmoja wao. Alijua atamfufua Lazaro dakika chache baadaye, na bado alilia. Soma pia Zaburi ya 88 utakapopata nguvu. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina shukrani mwishoni, na hakuna aliyethubutu kuiongezea.

Kwa hiyo sikuambii urudi kanisani ukiwa na furaha. Nenda na hasira yako, ukae benchi la nyuma karibu na mlango. Wimbo ukikushinda waache wengine waimbe. Na hayo unayoniandikia mimi saa nane za usiku, mwambie na Yeye, kwa maneno hayohayo, usiyapambe. Mimi mpaka leo sijajibiwa kwa nini upepo ulikuja alfajiri ile. Bado namuuliza. Kuimba nimeanza, ingawa si nyimbo zote. Ule wa merikebu na mawimbi unanipita.

Nakuja Tabora mwezi ujao, mbalamwezi ikianza, dukani nimeshaomba siku saba. Nitakuletea dagaa wa chanja, wasio na mchanga. Usipike chochote, usifagie, usijilazimishe kuongea. Ile picha yake ya sare ya shule uliyoigeuza ukutani, iache hivyohivyo mpaka nifike. Tukiwa wawili utaigeuza, kama utataka, unisimulie alivyokuwa anacheka.

Wako wa bweni moja